Kompyuta inaganda ukishaingiza nywila: fanya haya kabla ya kukubali kupigiwa window

Kompyuta inawaka vizuri, nembo ya Windows inapita, unaandika nywila, picha ya mandhari inatokea, halafu basi. Mausi imekufa, au inatembea lakini ukibofya hakuna kinachofunguka. Unazima kwa nguvu, unawasha, yale yale. Ukiibeba mpaka kwa fundi, iwe Arusha au Moshi, mara nyingi jibu la kwanza ni moja: "Hii tuipige window tu."

Kupiga window, yaani kuifuta Windows na kuiweka upya, kunaponya baadhi ya magonjwa, sikatai. Lakini kukifanywa kwa haraka kunafuta pia picha za msiba wa babu, mitihani ya darasa la saba, hesabu za duka na barua za shamba. Na kama ugonjwa wenyewe uko kwenye hadi diski au RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), baada ya wiki chache kompyuta itaganda tena, safari hii ikiwa haina hata mafaili yako. Ninachosisitiza katika mwongozo huu ni mpangilio: okoa mafaili kwanza, jua inagandia wapi, ndipo uamue cha kufanya. Kazi nyingi hapa utaifanya mwenyewe nyumbani, bila kufungua hata skrubu moja.

Kitu cha kukutia moyo ni kwamba kuganda baada ya nywila tayari ni dalili kubwa. Kama umefika kwenye skrini ya kuandika nywila, maana yake madabodi imeamka, diski imesomeka na sehemu kubwa ya Windows imepanda. Kinachofuata baada ya nywila ni mambo machache yanayojulikana: akaunti yako inafunguliwa, aikoni zinapangwa, draiva ya picha (programu inayoiwezesha Windows kuendesha skrini) inaanza kazi kikamilifu, antivairasi inaamka, na programu zote zilizojiandikisha kujiwasha zinakimbilia diski kwa wakati mmoja. Mkosaji yumo humo.

Hakikisha imeganda kweli

Bonyeza kitufe cha Caps Lock kwenye kibodi na utazame taa yake. Ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta haijaganda kabisa. Windows iko hai, ila imezidiwa na kazi. Taa isipobadilika, hapo imeganda kweli. Kibodi nyingine hazina taa hiyo, kwa hiyo tazama pia taa ndogo ya diski kwenye CPU (kasha la kompyuta), ile inayometa karibu na batani ya kuwasha. Ikiwa imewaka moja kwa moja bila kupepesa, diski ndiyo inayolemewa.

Tofauti hii ina uzito hasa kwa kompyuta za mtumba tunazonunua huku, zenye RAM ya GB 4 na hadi diski ya kuzunguka. Diski ya aina hiyo inamudu kuchota vipande vidogo vilivyotawanyika kama mia moja hivi kwa sekunde, na Windows ya sasa inapofungua akaunti inahitaji maelfu. Kwa hiyo mashine inaweza kuonekana imekufa dakika kumi nzima kumbe inajikokota. Mara moja tu, iache robo saa bila kuigusa. Ikizinduka yenyewe, tatizo lako ni uzito, na dawa yake iko kwenye kipengele cha programu zinazojiwasha na kile cha SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) huko chini.

Skrini ikiwa nyeusi na mshale wa mausi pekee ndio unaoonekana, jaribu Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ikifunguka Task Manager, bofya "Run new task", andika explorer.exe, kisha Enter. Mara nyingine aikoni zote zinarudi papo hapo. Jaribu pia kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B. Hivyo vinne kwa pamoja vinaiamuru draiva ya picha ianze upya. Skrini itapepesa kidogo. Kama ilikuwa imekwama kwa sababu ya draiva, itaachia, na hapo umeshamjua mchawi.

Yote yakishindikana, shikilia batani ya kuwasha mpaka izime. Usichomoe waya ukutani wakati taa ya diski bado inapepesa kama una njia nyingine.

Chomoa kila kisichohitajika

Kabla ya kuwasha tena, toa flashi, printa, modemu, kadi ya kamera, hadi diski ya nje, waya wa mtandao. Bakiza kibodi, mausi na skrini. Usiidharau hatua hii. Flashi mbovu iliyosahaulika nyuma ya CPU inatosha kuigandisha Windows, kwa sababu kila ikipanga aikoni inajaribu kuisoma flashi hiyo na kusubiri jibu lisilokuja. Ofisi ndogo zenye printa ya pamoja au folda iliyounganishwa kutoka kompyuta nyingine hupata shida hiyo hiyo kompyuta ile nyingine ikiwa imezimwa.

Na kama flashi hiyo ilipita steshenari kutoa kopi, ukairudisha ikiwa na folda zote zimegeuka kuwa shotikati, usiichomeke tena mpaka umeisafisha.

Jambo jingine dogo: ukizima kompyuta kwa "Shut down", Windows 10 na 11 kwa kawaida hazizimi zote. Zinahifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho ziwake haraka. Hitilafu inaweza kuhifadhiwa pamoja nayo. Ukichagua "Restart" ndipo inaanza upya kikamilifu. Kwa hiyo kwenye skrini ya nywila bofya alama ya kuzima iliyo chini kulia, chagua Restart, uone.

Ingia kwa Safe Mode

Hii ndiyo hatua inayogawa njia, kwa hiyo ifanye kwa utulivu. Safe Mode ni namna ya kuiwasha Windows ikiwa na vitu vya lazima tu: hakuna programu zinazojiwasha, hakuna draiva maalumu ya picha, hakuna antivairasi ya kununua.

Ukiwa kwenye skrini ya nywila, usiandike nywila. Shikilia kitufe cha Shift kwenye kibodi, na huku umekishikilia bofya alama ya kuzima, chagua Restart. Itakuletea skrini ya rangi moja yenye machaguo. Fuata njia hii: Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart. Ikiwaka tena itaonyesha orodha yenye namba. Bonyeza 4 kwa Safe Mode ya kawaida, au 5 kama utahitaji intaneti.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza, PIN uliyozoea inaweza kukataliwa ukiwa Safe Mode, kwa hiyo jua nywila yako halisi, hasa kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft. Wa pili, laptopu nyingi za miaka ya karibuni zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, na zinaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo hukaa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili mashine, ingia account.microsoft.com kwa simu uusome. Laptopu ya mtumba iliyofungwa kwa akaunti ya mtu wa Ulaya ambaye hutampata ni jambo la kukagua siku ya kununua.

Kama skrini ya nywila yenyewe haikupi nafasi, washa, nembo ikitokea shikilia batani izime, rudia. Baada ya kukatishwa mara kadhaa mfululizo Windows inafungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Tumia njia hii ukikosa kabisa nyingine, maana kuzima kwa nguvu hakuipendezi diski.

Sasa angalia matokeo. Safe Mode ikifanya kazi bila kuganda, vyuma vyako vina uwezekano mkubwa wa kuwa vizima, na mkosaji ni programu, draiva au akaunti. Ikiganda hata kwenye Safe Mode, ruka moja kwa moja hadi kwenye kipengele cha vyuma, ila pitia kwanza hili linalofuata.

Mafaili kwanza, mengine baadaye

Umeingia Safe Mode? Chomeka flashi safi au hadi diski ya nje na unakili sasa hivi. Fungua C:, kisha Users, kisha folda yenye jina lako, uchukue Desktop, Documents, Pictures na Downloads. Anza na vile visivyopatikana kwingine. Filamu na muziki vinaweza kusubiri.

Nasisitiza kwa sababu hatua zinazofuata zinaisumbua diski, na diski iliyochoka huweza kufia kwenye matibabu. Kuna mwalimu mmoja wa Pasua, Moshi, aliyeniita akiwa ameshaamua. Nilimkuta mezani na lundo la daftari, kompyuta imefunguka, aikoni zote ni vikaratasi vyeupe, taa ya diski imewaka haizimi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Ipige tu hiyo window, nimechoka nayo."

"Na mitihani yako iko wapi?"

Akanyamaza, akanionyesha CPU kwa kidole. Mitihani ya miaka yote, na ya moko iliyokuwa ikisubiriwa shuleni, ilikuwa mle ndani pekee. Tuliingia Safe Mode, na kabla ya kunakili chochote nikasogeza sikio karibu na diski: ilikuwa ikitoa mlio wa kugonga, tk, tk, kisha kimya, kisha tena. Tulinakili folda moja moja, ya moko kwanza. Folda ya picha iligoma katikati, tukaiacha, tukachukua zilizobaki, tukairudia mwishoni kwa vipande vidogo vidogo. Kuna picha chache hazikutoka. Mitihani ilitoka yote. Tungeipiga window kwenye diski ile, ingefuta kwanza na kufa baadaye.

Ulize diski afya yake

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, Enter. Upande wa kushoto fungua Windows Logs, kisha System. Hii ni daftari ambamo Windows huandika kila linaloisibu. Tafuta mistari yenye alama nyekundu au ya njano iliyotokea dakika zile kompyuta ilipoganda. Ukikuta chanzo kimeandikwa "disk" na namba 7, Windows imekutana na eneo bovu kwenye diski. Namba 153 na 51 nazo zinahusu diski inayochelewa au kushindwa kusoma na kuandika. Namba 41 yenye jina Kernel-Power usiiogope: inasema tu kwamba mashine ilizimwa ghafla, na hiyo uliizima wewe.

Kipimo cha pili ni programu ndogo ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Ipakue kwa simu au kompyuta ya jirani uilete kwa flashi. Ikifunguka itakuonyesha neno moja kubwa: Good kwa buluu, Caution kwa njano, Bad kwa nyekundu. Chini yake kuna orodha ndefu. Wewe angalia mistari mitatu, 05, C5 na C6, safu ya mwisho kulia. Kwa diski ya kuzunguka iliyo nzima, zote tatu huwa sifuri tupu. C5 ikiwa na namba, kuna maeneo ambayo diski imeshindwa kuyasoma na bado haijui iyafanye nini. Ni hapo hapo Windows inakwama: inaomba kipande cha faili, diski inajaribu tena na tena, na wewe unatazama skrini iliyosimama.

Diski ikiwa Caution au Bad, usiendelee na matibabu ya programu. Hasa usikimbilie amri ya chkdsk yenye /r ambayo watu huipendekeza kila mahali, kwani inailazimisha diski mgonjwa kusomwa uso mzima kwa saa nyingi. Nakili mafaili, nunua diski mpya, basi.

Diski ikiwa Good, endelea.

Programu zinazojiwasha

Ukiwa Safe Mode fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, nenda "Startup", au "Startup apps" kama una Windows 11. Utashangaa orodha: ya kupiga simu za video, ya kupakua filamu, ya printa uliyoiuza zamani, michezo ya watoto, vivinjari viwili. Bofya kila moja, chagua Disable. Huzifuti, unazizuia tu kujiwasha. Ukizihitaji utazifungua kwa mkono.

Kisha bonyeza Windows na R, andika msconfig. Kwenye "Services", weka kwanza alama ya vema kwenye "Hide all Microsoft services". Usiisahau alama hiyo, maana ukizima huduma za Microsoft zenyewe utaongeza shida. Sasa bofya "Disable all", kisha OK, na uwashe upya kwa kawaida.

Ikiingia bila kuganda, umepata eneo la mkosaji, bado mwenyewe. Rudisha nusu ya ulizozima, washa upya. Ikiganda, yumo kwenye nusu hiyo. Isipoganda, yumo kwenye iliyobaki. Gawa tena nusu kwa nusu. Ni kazi ya kuchosha kidogo lakini inakufikisha kwa jina kamili la programu, na programu moja ukiifuta unaacha kompyuta nzima salama.

Ningeanza na antivairasi. Kompyuta nyingi za mtaani nimezikuta na mbili, moja iliyokuja na mashine na muda wake umeisha, nyingine aliyoweka kijana wa steshenari. Zote mbili zinataka kukagua kila faili kabla ya mwenzake, na wewe ndiye unayeumia. Ondoa zote. Windows 10 na 11 zina ulinzi wake wa ndani, na huo hurudi kazini wenyewe ukishaziondoa nyingine. Kwa matumizi ya nyumbani unatosha, mradi unaupa apdeti.

Draiva ya picha

Kama kompyuta huganda sekunde ile ile picha ya mandhari inapotokea, skrini inapata mistari, au rangi zinaharibika, shuku draiva hii. Safe Mode haiitumii, ndiyo maana huko unakuwa salama. Bofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua Device Manager, kisha "Display adapters". Bofya mara mbili jina lililomo, nenda "Driver". Kama "Roll Back Driver" inabofyeka, ibofye; itarudisha draiva ya awali. Kama imefifia, chagua "Uninstall device", uwashe upya, uiache Windows itafute inayofaa. Bora zaidi ni kupakua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, Dell, HP, Lenovo au mwingine, kwa kuandika modeli iliyobandikwa mgongoni mwa mashine.

Programu zile zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mara moja, ziache.

Kama kuganda kulianza mara tu baada ya apdeti, rudi kwenye ukurasa ule wa Shift na Restart, Advanced options, utakuta "Uninstall Updates". Ondoa ya karibuni. Pale pale kuna "System Restore", inayorudisha Windows kwenye hali ya tarehe ya nyuma bila kugusa picha na nyaraka zako. Kwenye mashine nyingi huwa imezimwa tangu mwanzo, kwa hiyo usishangae ukiikuta tupu.

Labda ni akaunti yako peke yake

Watu wengi hulipia kupigiwa window kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa mistari miwili. Akaunti ya mtumiaji ina mafaili yake ya mipangilio, na yakiharibika, tuseme umeme umekatika katikati ya kuandika, akaunti hiyo inaganda huku Windows yenyewe ikiwa nzima. Kujua, tengeneza akaunti nyingine. Ukiwa Safe Mode tafuta "cmd", bofya kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator", uandike mstari huu:

net user jaribio /add

Enter, kisha:

net localgroup administrators jaribio /add

Washa upya kwa kawaida, chagua akaunti ya jaribio, haina nywila. Ikifunguka vizuri na kufanya kazi, umepona. Hamishia humo Desktop, Documents na Pictures zako za zamani, weka nywila, uendelee na maisha. Folda iliyofichwa iitwayo AppData usiihamishe yote, kwani humo ndimo ugonjwa ulimo.

Akaunti mpya nayo ikiganda, jaribu kurekebisha mafaili ya Windows. Kwenye cmd ile ile, ukiwa umeingia Safe Mode yenye intaneti, andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Subiri ifike asilimia mia. Inaweza kusimama muda mrefu kwenye namba moja, usiikatishe. Inaweza kupakua kutoka Microsoft, kwa hiyo kama unatumia hotspoti ya simu hakikisha una bando la kutosha. Ikimaliza:

sfc /scannow

Ukiandikiwa kwamba imekuta mafaili mabovu na kuyarekebisha, washa upya ujaribu.

Ikiganda hata kwenye Safe Mode: vyuma

Huku kwetu naanza na vumbi. Kiangazi cha Arusha kinaingiza vumbi jembamba kila mahali, na ukikaa kandokando ya barabara ya changarawe, Moshono au Ngaramtoni, ukifungua CPU ya miaka mitatu utakuta feni ya prosesa imevaa blanketi la kijivu. Moshi hali ni ngumu zaidi kwa upande wa joto, maana iko chini kuliko Arusha, na Januari na Februari chumba chenye bati bila dari kinachemka mchana. Prosesa ikipata moto inajipunguza kasi, ikizidi mashine inakwama au kuzima. Baada ya nywila ndipo prosesa inapopewa kazi nyingi kwa ghafla, kwa hiyo joto hujionyesha hapo.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza batani ya kuwasha mara moja kumaliza umeme uliobaki, fungua kifuniko. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Puliza vumbi kwa blowa nje ya nyumba, huku umeizuia feni kwa kijiti isizunguke. Usitumie kitambaa chenye maji. Kama pesti iliyo kati ya prosesa na chuma chake imekauka na kuwa unga, hiyo mpe fundi aibadilishe, si kazi ya gharama.

Ukiwa hapo, toa RAM. Sukuma vishikizo vya pembeni, itaruka yenyewe. Futa ncha zake za dhahabu taratibu kwa raba laini ya penseli, ondoa uchafu wa raba, irudishe mpaka vishikizo vijifunge kwa mlio. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Kompyuta ikifanya kazi na moja na kuganda na nyingine, jibu unalo mkononi. Kama hutaki kufungua kitu, andika mdsched.exe kwenye Windows na R, itaipima RAM ikiwaka upya.

Tazama pia madabodi: vile vikopo vidogo vya mviringo, kapasita, vinatakiwa kuwa bapa juu. Vikituna au kuvuja, hiyo madabodi imefika mwisho.

Halafu umeme. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Kama kompyuta huganda zaidi jioni, wakati taa za nyumbani nazo zinafifia, pima kwa mita au soma stabilaiza yako kama inaonyesha namba. Pawa saplai iliyochoka haihimili umeme unaoshuka na kupanda. Stabilaiza inasaidia, UPS inasaidia zaidi kwa sababu inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Nyuma ya pawa saplai za zamani kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Mtoto asiichezee. Ikiwekwa 115 na kuchomekwa ukutani kwetu, utasikia mlipuko.

Kuhusu SSD

Fedha yako ikitosha kitu kimoja tu, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5. Inaingia karibu kila desktopu na laptopu ya zamani yenye hadi diski, na ile dakika kumi ya kusubiri baada ya nywila hushuka hadi sekunde kadhaa. Hakuna badiliko jingine ninalolijua linaloipa kompyuta ya mtumba uhai kama hili. RAM ikifika GB 8 juu yake, mashine ya miaka kumi inaandika mitihani na kufungua intaneti bila manung'uniko.

Ukifika kwa fundi

Nenda na maelezo: inagandia wapi, Safe Mode inakubali au haikubali, CrystalDiskInfo imesema nini. Fundi mzuri atafurahi, maana umemwokolea nusu ya kazi. Kama mafaili hujayanakili, mwambie kabla hajagusa kitu, na ukubaliane naye gharama ya kuyaokoa peke yake. Akibadilisha kifaa, omba cha zamani, hasa hadi diski. Ni yako, na ina siri zako.

Ikibidi kweli kupiga window, muulize atatumia toleo gani. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa upande wa Intel kuanzia kizazi cha nane. Kwa mashine isiyokidhi, Linux Mint ni ya bure na inatosha kwa kuandika, intaneti na video.

Akitaka kuiwezesha Windows kwa programu ya wizi inayokutaka uzime ulinzi kwanza, kataa. Nyingi huja na virusi, na virusi ni sababu nyingine ya kuganda. Kompyuta za kampuni kubwa zilizotoka kiwandani na Windows 10 au 11 zina leseni iliyohifadhiwa ndani ya madabodi. Fundi akiweka toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, kwa kawaida itajithibitisha yenyewe ikipata intaneti, bila wewe kulipa chochote.